Mazungumzo ya Juma: Kulizunguka Ziwa la Naivasha kwa Baiskeli



Sisi wakaaji wa Naivasha twaijua sana baiskeli, lakini twaijua kama tumjuavyo punda. Asubuhi twaiona imebeba mitungi ya maziwa, mchana magunia ya kabeji, na jioni imembeba mama na mtoto wake. Kwa hiyo nilipomwambia jirani yangu kwamba Jumamosi nitaondoka alfajiri, nilizunguke ziwa lote kwa baiskeli na kurudi bila mzigo wo wote, alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Kwani umepotelewa na ng'ombe?" Nilipomjibu kwamba sikupotelewa na kitu, alitikisa kichwa akasema, "Haya. Mtembezi hula miguu yake."

Maneno yake yalikuwa ya haki, na jibu lake ndilo mazungumzo yetu ya juma hili. Mimi ni karani. Kwa muda wa miaka tisa nimeandika katika madaftari majina ya Kasarani, Ndabibi, Kongoni, Kamere na Karagita, kila siku ya kazi, wala sikuwa nimefika hata nusu ya mahali hapo. Nilijua ni watu wangapi waliotoka huko kuja dirishani pangu. Njia waliyoipita sikuijua. Nikaona haya. Mtu aliyekaa mahali miaka tisa pasipo kuzijua njia zake hana tofauti kubwa na abiria anayengoja gari.

Basi nataka kuwaeleza jinsi safari ya namna hii ipangwavyo, ili ye yote mwenye baiskeli nzima na siku moja ya mapumziko aweze kwenda na kurudi salama. Nitawaeleza pia jambo nililolikuta njiani, ambalo sikulipanga.

KUIPIMA SIKU

Barabara izungukayo ziwa, ukitoka mjini na kurudi mjini, ni kadiri ya kilomita 70. Hesabu hiyo isimtishe mtu mwenye afya, kwa maana miinuko yake si mingi. Lakini pia isimdanganye. Mimi mara ya kwanza ilinidanganya. Niliipima ramani kwa uzi, nikagawanya urefu wake kwa mwendo wa baiskeli katika lami, nikaona kwamba saa tano zatosha kabisa. Nikaondoka saa nne asubuhi, baada ya chai nzito, nikifuata upande wa kusini. Usiku ulinikuta katika barabara kuu itokayo Nakuru, sina taa, malori yakinipita karibu na bega, nami nimeshuka nasukuma baiskeli majanini. Nilifika nyumbani saa mbili na nusu usiku. Mke wangu hakusema neno. Alinitengea chakula tu, na ule ukimya wake ulinifunza kuliko karipio.

Kosa langu lilikuwa hili: uzi hauna miguu, na ramani haionyeshi vumbi. Katika lami, mtu wa kawaida mwenye baiskeli ya kawaida aweza kwenda kilomita 15 kwa saa bila kujiumiza. Katika vumbi na mawe, ashukuru akipata 8. Basi fanyeni hesabu hivi. Kilomita 45 za njia njema ni saa tatu. Kilomita 25 za njia mbaya ni saa tatu na zaidi kidogo. Jumla ni saa sita za kuendesha. Ongezeni saa tatu za kupumzika, kula, kutazama na kuziba pancha. Hizo ni saa tisa. Hapa petu karibu na ikweta mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, jua halituongezei wala halitupunguzii. Mtu akiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi atarudi kwenye saa tisa na nusu alasiri, naye atakuwa na akiba ya saa tatu kabla ya giza. Akiba hiyo si ya kuchezea. Ni kama mbegu ya msimu ujao: huliwi ila kwa shida.

Tena, safari ipangwe kwa kuanza na sehemu yake mbaya. Hilo ndilo nililolikosea siku ya kwanza. Barabara kuu yenye malori na njia ya kaskazini yenye vumbi nilizibakiza hadi mwisho, wakati miguu imekwisha na jua limekwisha. Mara ya pili niligeuza mambo. Nilianza na barabara kuu kulipopambazuka, magari yakiwa machache; nikaendelea na vumbi la kaskazini wakati wa ubaridi; nikamalizia na lami ya kusini, ambako matatu hupita mara kwa mara. Faida yake ni kwamba mtu akishindwa, ashindwe mahali ambapo gari laweza kumchukua yeye na baiskeli yake. Nilijiwekea sheria moja: nisipofika Kongoni, ambako ni karibu na nusu ya njia, kabla ya saa tano na nusu, nitaacha matembezi mengine yote na kushika njia ya nyumbani moja kwa moja.

VITU VYA KUCHUKUA

Siwashauri kununua baiskeli mpya. Mimi nilikwenda kwa Black Mamba ya zamani, ile nyeusi ya chuma, isiyo na gia. Lakini siku mbili kabla ya safari nilimpelekea fundi, akakaza breki, akanyosha spoki, akatia mafuta mnyororo. Mtu asiende na breki ya "nitakanyaga chini kwa kiatu."

Katika kariya funga pampu, spana, tyubu moja ya akiba, viraka na solusheni. Na hiyo solusheni uifungue nyumbani uitazame, maana hukauka ndani ya mrija wake pasipo mtu kujua. Nitawaeleza kwa nini nasema hivyo. Maji yawe lita tatu kwa uchache. Naivasha iko mita zipatazo 1,880 juu ya bahari. Asubuhi ni baridi, mtu hudhani hana kiu, na kufika saa sita jua humchoma kichwani naye hana tone. Chakula kiwe cha kawaida: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mayai, chapati. Chukua kofia, koti jepesi la mvua, taa hata kama hutazamii kuitumia, na simu iliyojazwa umeme. Nyumbani waachie karatasi yenye majina ya mahali utakapopita na saa utakayorudi.

Majira yaliyo mazuri ni Januari na Februari, au tangu Juni hadi Septemba. Katika masika vumbi la volkano hugeuka tope lishikalo magurudumu, na mtu hulazimika kuibeba baiskeli badala ya kubebwa nayo.

NJIA YENYEWE

Basi nikaondoka. Barabara kuu niliimaliza pasipo shida, nikapinda kushoto kuingia njia ya kaskazini. Upande huu mtu huvuka maji ya Malewa, mto utokao katika milima ya Nyandarua na kulipatia ziwa sehemu kubwa ya maji yake. Ni jambo la kustaajabisha kwamba ziwa hili halina mto utokao, na hata hivyo maji yake si ya chumvi kama ya Elmenteita na Nakuru. Wataalamu wametueleza kwamba maji hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, nayo huchukua chumvi pamoja nayo.

Baada ya Kasarani vumbi likaanza kwa haki. Ni jeupe na laini kama unga, maana ni majivu ya milima iliyowaka zamani. Kulia kwangu ulisimama mlima wa Eburru na msitu wake, ambao ni sehemu ya misitu ya Mau. Msitu huo ulizungushiwa ua wa umeme, kazi iliyomalizika mwaka 2014, ili kuzuia ukataji wa miti na kuwaokoa bongo, swala wakubwa wenye milia ambao wamebaki wachache mno. Wako watakaotamani kuupanda siku hiyo hiyo. Nawashauri wasifanye hivyo. Kupanda Eburru ni safari ya siku yake, kwa ruhusa ya walinzi wa msitu na pamoja na mtu aijuaye njia. Anayetaka msitu katika mzunguko wetu atoshwe na migunga ya kando ya ziwa, ile yenye mashina ya manjano. Mahali pengine hufunika njia kwa kivuli, twiga hula majani yake juu, na punda milia husimama chini wakikutazama upite.

Lakini mgunga una miiba. Karibu na njia panda iendayo Ndabibi nilisikia tairi la nyuma likitoa pumzi. Nikashuka, nikatoa tyubu ya akiba, nikaikuta imechanika kwenye mdomo wake kwa kusuguliwa na spana. Nikatoa viraka. Nikatoa solusheni. Ilikuwa imekauka kama jiwe.

MTU NILIYEMKUTA

Nilikuwa nimeketi kando ya njia nikifikiri, ndipo mzee mmoja akatoka katika ua wake, naye ameshika mrija wa solusheni mkononi. Alikuwa ameniona tangu niliposhuka. Akanisalimu, akaipindua baiskeli yangu, akaanza kazi pasipo kuombwa. Alipokwisha kukwangua tyubu alinitazama usoni, akasema, "Wewe si karani wa dirisha la pili?"

Nikamwambia kwamba ndiye. Kwanza sikumkumbuka. Alipoendelea kusema nilimkumbuka. Alikuja ofisini miezi miwili kabla ya siku hiyo, na fomu ya msaada wa karo ya mjukuu wake. Fomu ilijazwa vyema, kwa mwandiko mzuri, ila haikuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Cheti chenyewe alikuwa nacho mkononi. Nami nilimwambia, "Mzee, hapa pana upungufu. Rudi kesho na nakala." Nililisema neno hilo kwa adabu, pasipo hasira, na kabla hajafika mlangoni nilikuwa nimekwisha kumwita mtu mwingine. Duka la kunakili karatasi liko ng'ambo ya barabara, hatua hamsini kutoka dirishani pangu. Sikumwonyesha. Naye, kwa kuwa serikali imesema kesho, alikwenda nyumbani.

Nikamwuliza, "Mzee, siku ile ulikuja kwa gari?"

"Siku ya kwanza nilikuja kwa baiskeli," akasema. "Siku ya pili magoti yalikataa, nikapanda matatu. Nauli nilikopa."

Kutoka mahali pale hadi mjini ni zaidi ya kilomita 30. Nilikuwa nimetoka huko asubuhi ile, nami nilikuwa kijana kuliko yeye, sina haraka wala wasiwasi, na bado mapaja yalikuwa yakiniuma. Nikatafuta la kusema, nikapata neno dogo tu. Nikasema, "Ni mbali sana, mzee."

Akabandika kiraka, akakishikilia kwa kidole gumba. "Si mbali, mwanangu," akasema, "mtu akienda mara moja."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja kipimo cha shamba. Nilitaka kumpa fedha kwa ajili ya kiraka, akakataa, akasema baiskeli ya mtu ikiharibika mbele ya nyumba yako hiyo si biashara. Nikamwuliza habari za mjukuu. Alipata karo, yuko kidato cha pili. Tukaagana.

UPANDE WA KUSINI

Niliupita ukingo wa Sonachi, ziwa dogo la kijani lililo ndani ya shimo la volkano, kisha Oloiden, ambalo maji yakipungua hutengana na ziwa kuu na kuwa ya magadi, na ndege wa heroe huja kulisha humo. Kongoni nilifika saa tano na robo. Sheria yangu ilikuwa haijavunjwa, kwa hiyo nilikula chini ya mti na kupumzika nusu saa nzima.

Tangu Kongoni mtu hukutana na lami, na pamoja nayo hukutana na malori na mabasi ya mashamba ya maua, ambayo maua yake husafirishwa hadi Uholanzi na Uingereza. Shika ukingo wako, wala usiende sambamba na mwenzako mkizungumza. Karibu na Kamere iko Elsamere, iliyokuwa nyumba ya Joy Adamson, mwandishi wa habari za simba jike Elsa. Leo ni makumbusho. Wazee wengine wa kando ya ziwa huweza pia kukueleza habari walizozisikia za ndege za majini za Waingereza, ambazo katika miaka ya 1930 na 1940 zilitua katika ziwa hili kama bata, na abiria wakapelekwa Nairobi kwa motokaa.

Hapa lazima nitoe onyo juu ya kiboko. Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yamepanda sana, hata watu wa mtaa wa Kihoto mjini wakahamishwa na mafuriko, na nchi kavu aliyoizoea kiboko imepungua. Jioni hutoka majini kula majani, naye ana njia zake kati ya mafunjo. Usiteremke ziwani kupitia njia hizo, usisimame kati yake na maji, wala usingoje jua litue ukiwa ukingoni kwa sababu ya picha nzuri.

Wengi huniuliza juu ya Hell's Gate, ambayo lango lake la Elsa liko karibu na barabara hii. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984, na ni moja ya mahali pachache katika nchi yetu ambapo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya wanyama wa porini. Utaona mnara wa mawe ulioitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883, na mvuke wa Olkaria, ulioanza kutoa umeme mwaka 1981. Lakini usiuunganishe na mzunguko wa ziwa katika siku moja. Kutoka mjini hadi huko na kurudi ni siku njema kwa anayeanza. Nyati wapishe mbali. Na ukishuka katika korongo, sikiliza walinzi wasemavyo. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, watu walisombwa humo na kufa kwa mafuriko ya ghafula. Mvua ikinyesha mbali katika vilima, maji huja korongoni na juu ya kichwa chako jua linawaka. Mawingu yakionekana upande wo wote, usishuke.

Mimi nililipita lango lile, nikapita Karagita, nikaingia mjini saa kumi kasorobo. Nilichelewa robo saa tu kupita hesabu yangu, na hiyo robo saa ilikuwa ya kiraka. Mke wangu alikuwa akianika nguo. Akanitazama, akaitazama saa, akacheka.

Siku ya Jumatatu nilifika ofisini mapema. Nikachukua karatasi kubwa, nikaandika kwa herufi nene karatasi zote zitakiwazo kwa kila fomu ipokelewayo katika dirisha la pili, na chini yake nikaandika mahali lilipo duka la kunakili. Nikaibandika kwa nje, ili isomwe na mtu aliye katika mstari kabla hajanifikia. Na mtu akija na upungufu, siku hizi kabla ya kutamka neno kesho humwuliza kwanza, "Umetoka wapi?" Akisema Ndabibi, Maiella au Eburru, mimi nazijua sasa kilomita zake, si kwa uzi. Mara nyingi huonekana kwamba upungufu wenyewe waweza kumalizwa siku ile ile kwa dakika kumi.

Makarani wenzangu msomao ukurasa huu, sisemi kwamba kila mmoja lazima apande baiskeli. Nasema tu kwamba lile neno "kesho" ni jepesi likitoka dirishani, na lina uzito mwingine likifika njia panda ya Ndabibi. Nanyi wakulima, mkiziba pancha ya mtu njiani, mtazameni vizuri usoni. Huenda ni karani, na huenda kuna jambo mnalotaka kumwambia.

Jirani yangu bado asema mtembezi hula miguu yake. Ni kweli, yangu niliila, na siku mbili nzima nilishuka ngazi kinyumenyume. Juma lililopita, lakini, alikuja jioni kuniuliza, kwa sauti ya chini, solusheni nzuri huuzwa duka gani.